Beta na Majirani Zake: Kusoma Dalili za Tangi Lisilo na Amani

Mkia wa samaki wa mapambo aitwaye beta ukipungua usiku mmoja, lawama humwangukia samaki mgeni aliyeingizwa wiki hiyo. Huenda ni yeye kweli. Lakini mkia huohuo hupungua kwa sababu ya kichujio kinachovuta kwa nguvu, mmea wa plastiki wenye ncha, amonia iliyojaa majini, au beta mwenyewe kujitafuna. Ukimwondoa asiye na kosa, jeraha linaendelea na umewasumbua samaki bure. Mwongozo huu unaanzia kwenye kile unachokiona tangini, kisha unarudi nyuma hadi kwenye chanzo. Jambo moja litajirudia: beta ana sifa ya ugomvi, ila katika tangi la mchanganyiko mara nyingi yeye ndiye anayeonewa, hasa dume mwenye mapezi marefu.

Beta anayezungumziwa hapa ni Betta splendens, samaki mwenye asili ya Thailand na nchi jirani, aliyezoea maji ya kina kifupi, yenye majani mengi na mwendo mdogo. Hupumua hewa ya juu ya maji kwa kiungo maalumu kilicho kichwani. Chakula chake ni wadudu na mabuu. Dume hulinda eneo lake dhidi ya dume mwingine. Na mapezi marefu ambayo wafugaji wamemzalisha nayo humfanya aogelee polepole kuliko karibu kila samaki utakayemweka naye. Uamuzi wote wa kumchagulia majirani unasimama juu ya hayo.

Pima maji kabla ya kumshuku yeyote

Joto liwe nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi, amonia 0, nitriti 0, nitreti chini ya miligramu 20 kwa lita, na pH (kipimo cha uchachu wa maji) kati ya 6.5 na 7.5 isiyoyumba. Amonia au nitriti ikionekana hata kidogo, badilisha maji asilimia 30 hadi 50 siku hiyohiyo kwa maji ya joto lilelile yaliyoondolewa klorini, punguza chakula, upime tena kesho.

Kosa linaloua samaki wengi hapa ni la hesabu. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitreti, huongezeka kulingana na uchafu uliopo. Tangi lililokuwa na beta mmoja kwa miezi lina bakteria wa kumtosha beta mmoja. Ukiingiza samaki wadogo wa tetra 8 kwa mkupuo, amonia hupanda ndani ya siku chache, samaki wanalegea, wanafifia na kuwa wakali, na mwenye tangi anasema hawapatani. Ongeza nusu ya kundi, subiri wiki mbili, kisha nusu ya pili. Katika wiki ya kwanza ya kila awamu pima kila siku. Tangi jipya kabisa linahitaji wiki 4 hadi 6 za kukomaa kabla ya kubeba jamii ya samaki.

Andaa pia tangi la akiba la lita 10 hadi 20, lenye hita na kichujio cha sponji. Bila tangi hilo, nusu ya ushauri unaofuata hautekelezeki. Sponji yake ikae ndani ya tangi kuu wakati wote ili iwe na bakteria tayari siku ya dharura.

Mapezi yamechanika au yamepungua

Zima taa ya tangi, mulika kwa tochi kutoka ubavuni, na utazame ukingo wa pezi kwa makini.

Kipande kimekatika kwa mkunjo safi, na mapengo yako kwenye mapezi zaidi ya moja, likiwemo la mgongoni au la tumboni: kuna jirani anayeng'ata. Pengo liko mkiani peke yake, mahali ambapo mdomo wake unafika akijikunja, na limetokea ghafla: kuna uwezekano mkubwa amejitafuna mwenyewe. Kujitafuna huwapata zaidi beta wenye mkia mzito wa nusu mwezi, na kichocheo huwa ni mkondo mkali, kioo kinachomwonyesha taswira yake, au kukosa mahali pa kujificha. Njia ya kutofautisha ni kumtenga kwenye tangi la akiba kwa siku tatu. Mapengo mapya yakitokea akiwa peke yake, majirani hawana hatia.

Mpasuko ulionyooka kati ya miale ya pezi, bila nyama kupotea, ni kazi ya kitu chenye ncha au mdomo wa kichujio. Pitisha soksi ya nailoni juu ya kila pambo na mmea wa plastiki. Panapoinasa soksi ndipo panaponasa pezi. Funika mdomo wa kichujio kwa sponji.

Ukingo ulioyeyuka, mweusi au mwekundu, unaorudi nyuma siku hadi siku, ni kuoza kwa mapezi. Bakteria ndio wanaofanya kazi hiyo, lakini huwa wamefunguliwa mlango na maji machafu au na jeraha la kung'atwa. Badilisha asilimia 25 hadi 30 ya maji kila siku kwa wiki nzima na unyonye uchafu wa chini. Kuoza kukifika kwenye mwili, au pakitokea utando mweupe wenye manyoya, mtibu kwenye tangi la akiba kwa dawa ya bakteria kwa kipimo cha lebo. Usichanganye kuoza na kupona: utando mpya wa pezi huwa mwembamba na angavu, na huongezeka badala ya kupungua.

Kumpata anayeng'ata kunataka subira. Samaki wakikuona karibu husogea mbele wakitarajia chakula, na ugomvi unasimama. Kaa mita mbili mbali kwa dakika 20, kisha rudia baada ya taa kuzimwa. Wako wanaong'ata kwa tabia: barbi wa milia Puntigrus tetrazona, tetra mwekundu Hyphessobrycon eques, na tetra mweusi Gymnocorymbus ternetzi. Hao waondolewe tu, hata uwaongeze idadi ukidhani watashughulikiana wenyewe. Wengine, kama tetra wa neoni, hung'ata kwa sababu wako watatu au wanne. Katika kundi dogo hivyo, mivutano yao ya kutafuta nani mkubwa humgeukia samaki mwenye mwendo wa polepole aliye karibu. Wafikishe 8 au 10 ikiwa tangi linatosha. Lisipotosha, watafutie makao mengine.

Kuna mmoja anayeponyoka lawama kwa sababu huuzwa kama mla mwani: Gyrinocheilus aymonieri. Akiwa mdogo hula mwani kweli. Akikua huzoea kunyonya ute wa samaki wasio na kasi, na dalili yake ni mabaka yaliyofifia kwenye ubavu wa beta, bila pengo lolote kwenye pezi. Hafai kabisa kukaa na beta.

Beta anafukuza wenzake, au anatunisha mashavu kutwa

Tazama kwanza anamtunishia nani. Akiwa anaelekea kioo kimoja kilekile, hasa taa ya tangi ikiwaka na chumba kikiwa na giza, anajiona mwenyewe. Bandika karatasi nyeusi nyuma na pembeni, au washa taa ya chumba. Hilo huisha siku hiyohiyo.

Akiwa anamwelekea samaki, jiulize anafanana naye kwa kiasi gani. Gapi dume ana mkia mpana wenye rangi kali, na kwa macho ya beta huyo ni dume mwingine. Gurami ni wa familia moja naye, Osphronemidae, na hushindania eneo lilelile la juu. Gurami wengine ni wakubwa kiasi cha kumuumiza beta. Madume mawili ya beta hayakai pamoja kwa ukubwa wowote wa tangi la nyumbani. Majike wakiwa wachanga huonekana wanaelewana, kisha wakikomaa mmoja anaanza kuwindwa na wengine. Sipendekezi kundi la majike kwa yeyote asiye na matangi ya akiba ya kuwatenga wote. Dume na jike huwekwa pamoja kwa saa za kuzaliana tu, kisha hutenganishwa.

Kama majirani wamechaguliwa vizuri na bado anawafukuza, tazama juu ya maji. Kiota cha mapovu kinamaanisha analinda kona hiyo, na kufukuza kwake kutaishia umbali mfupi kutoka kiotani. Acha hivyo, ila hakikisha wengine wana upande wa kukimbilia. Bila kiota, chanzo cha kawaida ni uwazi: tangi ambalo beta anaona kutoka ukuta hadi ukuta ni eneo lake lote. Vunja mstari wa macho kwa mimea mirefu katikati na mimea inayoelea juu, weka magogo au mapango mawili matatu, na pasiwe na mahali ambapo anaweza kuona zaidi ya nusu ya tangi.

Saa 48 za kwanza kufukuzana kwa muda mfupi bila kugusana ni kawaida. Magamba yaking'oka, au samaki mmoja akikosa kula kwa siku mbili kwa kubanwa kona, usisubiri. Mtoe beta, umweke kwenye tangi la akiba kwa wiki moja, panga upya mapambo yote, kisha umrudishe. Akirudi anakuta eneo ambalo si lake tena.

Beta amejificha, amefifia, hataki kula

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kudhani beta mkimya ni beta mwenye amani. Mistari ya giza inayopita mlalo ubavuni, mapezi yaliyobanwa mwilini, na kulala nyuma ya hita mchana ni dalili za msongo.

Anza na mkondo. Achia punje moja ya chakula juu ya maji: ikisafiri upande mmoja hadi mwingine kwa sekunde chache, mkondo ni mkali mno kwa mapezi marefu. Elekeza mdomo wa kichujio unaotoa maji kwenye kioo au uweke sponji. Kisha joto: chini ya nyuzi 24 beta hupoa na kuacha kula. Hii ndiyo sababu kubwa ya kumkataa samaki dhahabu kama jirani, kwani huyo hustawi kwenye maji ya baridi zaidi na huchafua maji kupita uwezo wa tangi dogo.

Vikiwa sawa vyote viwili, tazama wakati wa kula. Samaki wenye kasi humaliza chakula kabla beta hajageuka. Danio, wanaoogelea bila kutulia, humchosha hata wasipomgusa. Samaki malaika na sikilidi wengine humtawala kwa ukubwa. Mlishe beta kwanza kwenye kona moja, punje kwa punje, na dakika hiyohiyo mwagia wengine chakula upande wa pili. Asipochangamka ndani ya wiki, jirani huyo hamfai, hata kama hakuna pezi lililoguswa.

Tumbo la beta limevimba

Ukifuga samaki wa chini, chanzo cha kwanza cha kushuku ni vidonge vyao. Beta hukaa juu ya kidonge na kukila chote, na tumbo lake ni dogo. Kipimo chake ni punje 2 hadi 4 za milimita 1, mara mbili kwa siku. Mfungishe kula saa 24 hadi 48, kisha anza kuwapa samaki wa chini robo ya kidonge baada ya taa kuzimwa, upande ambao beta halali. Kilichobaki kitolewe baada ya saa mbili.

Mtazame kutoka juu kabla ya kuhitimisha. Magamba yakiwa yamesimama wima pande zote, hilo ni jambo zito la ndani ya mwili na kufunga hakutaliponya. Mtenge mara moja.

Wadogo wanapungua mmoja baada ya mwingine

Kamba wadogo wakitoweka bila mzoga, beta anawala. Neocaridina davidi aliyekomaa, wa sentimita 2.5 hadi 3, mara nyingi husalimika penye moss nene, lakini watoto wake wa milimita chache ni chakula. Caridina multidentata hufika sentimita 4 hadi 5 na ndiye chaguo salama zaidi. Waingize kamba wiki kadhaa kabla ya beta, na hakikisha wana vichaka vya kujificha, kwani kamba akibadili gamba mwili wake hubaki laini na huliwa kirahisi. Gamba tupu, angavu, lililolala mchangani si kamba aliyekufa, liache walile.

Otocinclus, samaki wadogo wala mwani, wakifa ndani ya wiki za kwanza bila jeraha, beta hahusiki. Wamekufa njaa. Wanakula utando wa mwani unaoota kwenye vioo na majani, na tangi changa halina. Mkague kwa macho: tumbo likiwa limebonyea ndani, ndivyo ilivyo. Wanunuliwe kwa tangi lenye umri wa miezi kadhaa, wasipungue 6, na wapewe kipande cha tango kilichochemshwa kidogo.

Corydoras, kambare wadogo wa chini, wakipoteza sharubu za mdomoni, kagua sakafu. Changarawe kali na uchafu uliokwama chini yake huzila. Mchanga laini ndio unaowafaa.

Konokono aliyejifungia siku nzima huenda anadonolewa. Pomacea diffusa ana vipapasio virefu ambavyo beta huviona kama minyoo. Vikikatwa huota tena, lakini dume anayeendelea kuvidonoa hataacha. Konokono aitwaye nerite, ambaye vipapasio vyake ni vifupi, hupata utulivu zaidi.

Wote wanahema juu ya maji

Beta kupanda kuvuta hewa kila baada ya dakika chache ni maumbile yake, na Corydoras hufanya hivyo pia kwa kuchomoka juu na kurudi. Cha kutisha ni samaki wadogo wa kundi, kama tetra na rasbora, kubaki juu wakihema. Beta akiwa mchangamfu huku wengine wanahema, huelekea kuwa oksijeni ya majini imepungua, kwa kuwa yeye hategemei mashavu peke yake. Tia pampu ya hewa yenye vali ya kupunguza kasi. Beta naye akiwa amelala chini, mashavu mekundu au ya kahawia, shuku amonia au nitriti na ubadilishe nusu ya maji papo hapo. Chini ya kifuniko acha nafasi ya hewa ya sentimita 3 hadi 5, na kifuniko kiwepo kweli, kwani beta ni hodari wa kuruka.

Vidoa vyeupe siku chache baada ya mgeni

Vidoa kama punje za chumvi ni Ichthyophthirius multifiliis, kimelea kilichoingia na mgeni. Dawa haimuui akiwa chini ya ngozi ya samaki; humuua anapoogelea huru akitafuta mwenyeji. Ndiyo maana tiba haikomi vidoa vinapotoweka: endelea wiki moja zaidi. Kwa kuwa kimelea kiko mchangani pia, tangi zima hutibiwa. Dawa yenye shaba huua kamba na konokono, kwa hiyo soma lebo kabla ya kumimina. Kinga yake ni kumweka kila mgeni kwenye tangi la akiba kwa wiki 3 hadi 4.

Kuchagua upya

Ukilazimika kuanza tena, ukubwa wa tangi ndio unaoamua. Lita 20 zinamtosha beta na nerite mmoja, basi. Katika lita 40 ongeza kundi moja tu: rasbora wadogo Boraras brigittae 8, au Corydoras pygmaeus 6. Kuanzia lita 60, kwa tangi lenye urefu wa sentimita 60, unaweza kuweka rasbora Trigonostigma heteromorpha 8 katikati pamoja na samaki wembamba wa chini Pangio 5 mchangani. Linganisha joto pia: tetra kadinali hupenda maji ya beta kuliko neoni, na Corydoras paleatus hutaka maji ya baridi zaidi, kwa hiyo mwache.

Ingiza majirani kwanza, beta awe wa mwisho. Acha mfuko wake uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20, ongeza kikombe kidogo cha maji ya tangi kila dakika 5 kwa nusu saa, kisha mtoe kwa neti bila kumwaga maji ya mfuko tangini. Taa zikae zimezimwa hadi kesho yake. Mtazame saa mbili za kwanza.

Wapo beta ambao hawataki mtu, hata upange vipi. Aliyeshindwa na makundi mawili tofauti yaliyochaguliwa vizuri aachwe peke yake na konokono. Ukilazimika kugawa tangi, tumia kizuizi chenye matundu madogo lakini kisichoonyesha upande wa pili, kigusane na mchanga chini na kipite juu ya maji hadi karibu na kifuniko, na upime joto la kila upande, maana hita moja mara nyingi haipashi pande zote sawasawa.